Iceland au Greenland: uanzie wapi kuijua historia ya makazi ya kaskazini ya barafu?

Nchi za baridi za kaskazini ni nyingi, na kila moja ina namna yake ya kueleza jinsi binadamu alivyofika na kung'ang'ania kukaa. Huwezi kuzisoma zote kwa mkupuo mmoja. Kama wewe ni mwanafunzi unayetafuta mada ya tasnifu, au unaishi Ulaya na una likizo ya wiki mbili usiyotaka iishie sebuleni, ushauri wangu ni kubakiza visiwa viwili tu mezani: Iceland na Greenland. Ni majirani, pale bahari inapobana kati yao, umbali hauzidi kilomita 300. Wamepeana watu, meli, dini na hata nyaraka. Lakini historia za makazi yao zimekwenda njia mbili tofauti kabisa.

Niseme mapema ninakoegemea. Iceland imesimuliwa vizuri zaidi. Greenland ina mengi zaidi ya kusimulia. Anayetaka majina, miaka na maandishi asijisumbue, aende Iceland. Anayetaka kujua baridi humlazimisha mtu abadilishe nini, aanze na Greenland, ila ajue mapema kwamba itamgharimu.

Nani alitangulia

Iceland ina jambo la nadra duniani. Ni nchi ya kilomita za mraba kama 103,000, na hadi miaka 1,150 hivi iliyopita haikuwa na wakazi. Mnyama wa nchi kavu anyonyeshaye aliyekuwapo alikuwa mmoja tu, mbweha wa aktiki. Padri Ari Þorgilsson, aliyeandika historia fupi ya nchi yake kati ya 1122 na 1133, anasema Wanorsi, yaani watu wa Skandinavia wa zama za Waviking, walikuta watawa wachache wa Kikristo. Watawa hao hawakutaka kuishi na wapagani, wakaondoka wakiacha vitabu, kengele na fimbo zao za ibada. Ardhini bado hakujapatikana ushahidi wa kuridhisha wa watawa hao.

Mapokeo yanampa Ingólfur Arnarson wa Norway heshima ya kuwa mlowezi wa kwanza wa kudumu, mwaka 874. Inasemekana alipoiona nchi alizitupa baharini nguzo za kiti chake cha heshima, akaapa kujenga popote zitakapotupwa na mawimbi. Watumwa wake wawili, Vífill na Karli, walihangaika pwani kwa muda mrefu mpaka wakazikuta ilipo Reykjavík leo. Kwa nchi nyingine hadithi kama hii ungeiweka kwenye kapu la ngano ukaendelea na safari. Kinachoizuia isitupwe huko ni volkano. Katika miaka ya 870 mlipuko mmoja ulimwaga majivu karibu nchi nzima, na mabaki ya makazi karibu yote yanaanzia juu ya tabaka hilo. Mwaka wa mlipuko ulipatikana kwa kuchimba barafuto ya Greenland, iliyonasa vumbi lilelile: kwanza ilisemwa 871, kwa tofauti ya miaka miwili huku au huku, kisha vipimo vya baadaye vikasogeza hadi 877. Kwa hiyo kitabu na udongo havijapishana sana.

Wachimbaji waliofanya kazi katika mtaa wa Aðalstræti, katikati ya Reykjavík, mwaka 2001 walipata nyumba ndefu ya karne ya 10, na pembeni yake kipande cha ukuta kilicholala chini ya majivu hayo. Maana yake kuna mtu aliyejenga kabla. Huko Stöð, mashariki mwa nchi, uchimbaji umeleta hoja kwamba wavuvi na wawindaji walikuwa wakija kwa msimu miongo kadhaa kabla ya Ingólfur. Mjadala haujafungwa, lakini ni wa miongo tu.

Greenland mjadala ni wa maelfu ya miaka. Watu wa kwanza waliingia yapata miaka 4,500 iliyopita wakitokea Canada ya mbali, wakivuka mlango mwembamba wa bahari upande wa kaskazini magharibi kabisa. Wengine walibaki kaskazini kwenyewe, katika jimbo la Peary Land, ambako jua halionekani kwa miezi, wakiwinda ng'ombe wa manyoya marefu na kuota moto wa vijiti na magogo yaliyoletwa na bahari. Wengine waliteremka pwani ya magharibi na kuishi kwa sili, ndege na kulungu wa kaskazini. Hawa wanaakiolojia huwaita watu wa Saqqaq. Barafu ya ardhini imetunza vitu vyao kwa namna ambayo kwingine isingewezekana: mipini ya mbao, vipande vya mitumbwi, hata nywele. Kwa nywele zilizookotwa Qeqertasussuk, wanasayansi walisoma mwaka 2010 vinasaba vyote vya mtu aliyeishi miaka kama 4,000 iliyopita, na hakuna binadamu wa kale aliyewahi kusomwa kikamilifu hivyo kabla yake. Ndugu zake wa karibu waliopo leo wako Siberia ya mashariki. Wainuit wa sasa si wajukuu zake.

Hilo ndilo la kushika kuhusu Greenland: watu walifika, wakadumu karne nyingi, wakatoweka, nchi ikabaki tupu au karibu tupu, kisha wengine wakafika. Baada ya Saqqaq walikuja watu wa Dorset. Wanorsi walipotia nanga kusini mwaka 985 au 986, Ari anaandika kwamba walikuta mabaki ya makazi, vipande vya mitumbwi ya ngozi na zana za mawe, ila wenyewe hawakuwaona. Kisha, katika karne ya 13, wakaingia kutoka upande wa Alaska watu wa Thule, ambao ndio mababu wa Wainuit wa leo.

Kumbukumbu: karatasi na udongo

Hapa Iceland inashinda, na sioni sababu ya kuzungukazunguka. Landnámabók, kitabu cha walowezi, kinataja watu zaidi ya 400 waliotwaa ardhi, walikotoka, mipaka ya mashamba yao, walizaa nani na waligombana na nani. Kimo kisa cha Hjörleifr, ndugu wa kuchanjiana wa Ingólfur, aliyewafunga nira watumwa wake wa Kiairish walime badala ya maksai. Wakamuua na kukimbilia visiwa vya Vestmannaeyjar. Mwaka 930 walowezi wakaanzisha bunge lao, Alþingi, mahali pa wazi panapoitwa Þingvellir. Sensa ya mwaka 1703 iliandika wakazi wote wa nchi kwa majina: 50,358. Mwanafunzi wa historia ya jamii hapati zawadi kama hiyo kirahisi.

Ila usome vitabu hivyo ukijua viliandikwa na nani. Ni kazi ya koo zilizokuwa na ardhi, zikiandika zaidi ya miaka 200 baada ya tukio, na hazikukosa sababu ya kutaka mababu zao waonekane mashujaa walioikimbia dhuluma ya mfalme wa Norway. Vinasaba vimeongeza ambacho vitabu vilikipitia juu juu: wanaume wengi walitoka Skandinavia, lakini zaidi ya nusu ya wanawake asili yao ni Ireland na Scotland. Wangapi walikuja kwa ndoa na wangapi kwa kamba, kila mtu anaweza kukisia.

Upande wa Greenland, Saqqaq, Dorset na Thule hawakuacha maandishi. Unategemea mifupa, mawe, na masimulizi ya wazee yaliyoanza kukusanywa na Hinrich Rink katikati ya karne ya 19 na baadaye na Knud Rasmussen, mzaliwa wa Ilulissat aliyekua akizungumza lugha ya wenyeji. Kwa mtu mwenye subira ni utajiri. Kwa mwenye mhula mmoja wa kuandika tasnifu ni mtego, hasa akiwa hasomi Kidenmaki.

Wanorsi wa Greenland

Sehemu hii peke yake ingetosha kunifanya nichague Greenland.

Erik Mwekundu alifukuzwa Iceland kwa mauaji, akaizunguka pwani ya Greenland miaka mitatu, akarudi kutafuta watu wa kwenda naye. Ziliondoka meli 25, zikafika 14. Wakajenga sehemu mbili: Makazi ya Mashariki, ambayo kwa kweli yako kusini, na Makazi ya Magharibi karibu na Nuuk, mji mkuu wa leo. Walifuga ng'ombe, kondoo na mbuzi, wakajenga makanisa, na kuanzia 1126 wakawa na askofu wao huko Garðar, sasa Igaliku. Wakati wa kilele chao huenda hawakuzidi watu 3,000. Waliishi hivyo kwa zaidi ya miaka 400, kisha hawapo tena. Mara ya mwisho wanatajwa wakiwa hai ni katika harusi ya Septemba 1408, kanisa la Hvalsey, kati ya Þorsteinn Ólafsson na Sigríður Björnsdóttir. Maharusi walihamia Iceland, na ni nyaraka za Iceland zilizotutunzia habari hiyo. Mwaka mmoja kabla, makazi hayohayo yalimchoma moto mwanamume aliyeshtakiwa kumpata mke wa mtu kwa uchawi.

Kwa nini walikwisha? Jibu lililozoeleka ni kwamba walikuwa wakaidi: waling'ang'ania ng'ombe wao, wakakataa kujifunza kwa Wainuit, baridi ilipozidi wakafa njaa. Jibu hilo linapendwa kwa sababu ni rahisi kulitolea mawaidha. Mifupa yao inasema vingine. Vipimo vya waliozikwa mwanzoni vinaonyesha chakula kingi kilitoka shambani; vya waliozikwa mwishoni, sehemu kubwa ilitoka baharini, hasa sili. Walibadilika sana, ila walibadilika kama wakulima.

Kilichowaweka pale tangu mwanzo huenda hakikuwa ng'ombe bali meno ya walrasi, yule mnyama wa baharini anayefanana na sili mkubwa mwenye meno mawili marefu. Kila kiangazi wanaume walipanda kaskazini hadi ghuba ya Disko kumwinda. Meno yalilipa zaka ya kanisa na kununua chuma na mbao kutoka Norway. Uchunguzi wa vinasaba vya mafuvu ya walrasi yaliyopatikana Ulaya unaonyesha kwamba katika karne ya 12 na 13 karibu yote yalitoka upande wa Greenland, na kadiri miaka ilivyokwenda wanyama walikuwa wadogo zaidi na wa kutoka mbali zaidi. Walikuwa wanawamaliza.

Na hapa msomaji wa Pwani ana la kumhusu. Al-Masudi, aliyesafiri bahari yetu katika karne ya 10, aliandika kwamba pembe za ndovu za nchi ya Zanj zilipitia Oman kwenda India na China. Katika karne ya 13 pembe za Afrika zilianza kuingia Mediterania kwa wingi, na mafundi wa Paris wakawa wanachonga sanamu kubwa za Bikira Maria kwa pembe za ndovu, ambazo jino la walrasi lisingeweza kutoa. Wapo wanahistoria wanaosema kwamba sehemu ya pembe hizo ilitoka Afrika Mashariki kupitia bandari za Waswahili, ikavuka Bahari ya Shamu na Misri, na kwamba ushindani huo ulichangia kushusha thamani ya kile walichokuwa nacho wakulima wa Greenland. Si sababu pekee. Kulikuwa na baridi iliyozidi, tauni iliyoifagia Norway mwaka 1349, na meli zilizopungua. Lakini wazo kwamba ndovu wa nyika zetu ana mkono katika kufungwa kwa kanisa la mawe kwenye barafu, hilo Iceland haina la kushindana nalo.

Walivyoikabili baridi

Wanorsi wa nchi zote mbili walijenga vivyo hivyo: mawe, kiunzi cha mbao, na kuta nene za mabonge ya udongo wenye nyasi. Nyumba za namna hiyo Iceland ziliendelea kukaliwa hadi karne ya 20, na ya Glaumbær kaskazini bado unaweza kuingia. Walichoshindwa kukitunza Iceland ni miti. Nchi iliyokuwa na misitu ya mibetula kwa angalau robo ya eneo lake ilibaki na chini ya asilimia 2, kwa kukata kuni na kulisha kondoo, na udongo ukapeperuka. Mwaka 1104 volkano ya Hekla ililipuka na kuzifukia nyumba za Þjórsárdalur. Mwaka 1783 nyufa za Laki zikatoa moto na gesi kwa miezi minane, mifugo ikafa, na karibu mtu mmoja kati ya watano akafa kwa njaa iliyofuata. Karne moja baadaye, kati ya 1870 na 1914, watu wapatao 15,000 walihamia Amerika Kaskazini. Mji wa Gimli huko Manitoba ni wao.

Watu wa Thule walikuja na seti nzima ya vifaa: kayaki ya mtu mmoja, mtumbwi mkubwa wa ngozi wa kubebea familia, sleji za mbwa, chusa za nyangumi, nguo za ngozi za tabaka mbili. Chuma walikipata kwenye kimondo kilichoanguka Cape York, na vingine kwa Wanorsi. Pete za vazi la chuma la kivita zimeokotwa katika nyumba zao kisiwani Ellesmere. Kama ungependa kuona mavazi yenyewe, makumbusho ya taifa ya Nuuk yanahifadhi maiti zilizokaushwa na baridi za Qilakitsoq, za mwaka 1475 hivi, zilizogunduliwa 1972. Walikuwa wanane, wanawake sita na watoto wawili, na mishono ya nguo zao inaonekana kama ya juzi. Mtu mwenye moyo mwepesi ajitayarishe, kuna mtoto mchanga.

Karne zilizo karibu

Iceland ikawa jamhuri mwaka 1944 na habari zake za baadaye kwa mada hii ni fupi: watu walitoka mashambani, wakajaa Reykjavík.

Greenland haijatulia. Mmisionari Hans Egede alifika 1721 akitafuta Wanorsi awarudishe kwenye dini. Aliwakuta Wainuit, na ukoloni wa Denmark ukaanzia hapo. Mwaka 1925 familia za Ammassalik zilihamishiwa mbali kaskazini kuanzisha Ittoqqortoormiit. Mwaka 1953 wenyeji wa eneo la Thule walihamishwa kupisha kituo cha jeshi la Marekani, wakaanza upya Qaanaaq. Mji wa makaa ya mawe wa Qullissat ulifungwa 1972 na wakazi wakatawanywa. Serikali ya ndani ilianza 1979, mamlaka yakapanuliwa 2009. Kwa hiyo unapozungumzia makazi huko, unazungumzia jambo ambalo watu walio hai wana maumivu nalo. Uliza kwa adabu.

Kufika, na fedha

Iceland iko ndani ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Þingvellir ni kilomita 45 hivi kutoka Reykjavík, maonyesho ya Aðalstræti yako katikati ya mji, na basi la watalii linakufikisha kwingi. Ubaya wake ni watu: wageni zaidi ya milioni mbili kwa mwaka, katika nchi yenye wakazi chini ya 400,000.

Greenland ni sehemu ya Ufalme wa Denmark lakini haiko Schengen. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda asidhani viza ya Schengen inatosha. Ni lazima viza itolewe na Denmark ikionyesha kwamba inafaa kwa Greenland. Hakuna barabara kati ya mji na mji. Unakwenda kwa ndege, helikopta au mashua, na kila hatua inalipiwa. Uwanja mpya wa Nuuk uliofunguliwa Novemba 2024 umerahisisha kuingia, hata kutoka Iceland. Kama bajeti ni ya mahali pamoja, chagua Ilulissat: kwa miguu tu kutoka mjini unafika Sermermiut, ambapo Saqqaq, Dorset na Thule wote waliishi pale pale, kila mmoja juu ya mabaki ya mwenzake.

Aliyeko Norway au Sweden na hana hela ya visiwa hivi, apande Alta, kaskazini mwa Norway. Michoro ya miambani huko, ya kale zaidi ina miaka kama 7,000, inaonekana bila mwongozaji. Asiende majira ya baridi, theluji huifunika.

Wenye uwezo wa vyote viwili waanze na Iceland kwa siku chache ili wapate majina kichwani, kisha waende kusini mwa Greenland kati ya Juni na Septemba, ambako Brattahlíð, lililokuwa shamba la Erik, Igaliku na kuta za Hvalsey viko ndani ya fiodi, yaani ghuba ndefu nyembamba, zinazofikika kwa mashua. Hvalsey uiweke mwanzoni mwa ratiba. Ukungu na barafu inayoelea huahirisha safari bila taarifa, na mashua ya kesho ikishindwa, bado utakuwa na keshokutwa kabla ya ndege yako.